Tulivyomlilia Séraphin Akingali Hai

Mimi ni wa ukoo wa Mvua, na Séraphin ni wa ukoo wa Uyoga. Maana yake ni kwamba nikimwita mjinga mbele ya mama yake mzazi, mama yake hana budi kucheka. Mvua isiponyesha uyoga hauoti, kwa hiyo sisi ndio tuliowaotesha. Wakifiwa, sisi watani ndio wa kwanza kufika: tunapika, tunachimba kaburi, tunavaa nguo za marehemu na kuiga sauti yake mpaka mjane acheke na machozi yake usoni. Nalieleza hili mapema ili nisiulizwe baadaye mdomo huu niliupata wapi.

Séraphin alikuwa jirani yangu hapa Manika, mtaa wa watu wa mgodi. Kazi yake ilikuwa kuchoronga miamba mgodini, na mabega yake yalijaza mlango. Mkewe, Godelieve, alikuwa rafiki yangu. Walikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao aliitwa Elise. Nyumba yao ilikuwa na baiskeli, gramofoni, cherehani na vitanda vya chuma. Vyote viliondoka mwaka ule ule, kimoja baada ya kingine, vikaenda kwa Madame.

Madame hakuwa mwanamke. Angekuwa mwanamke tungemmaliza kwa siku moja. Alikuwa mashine ya kamari. Klabu ya Wabelgiji ilinunua mpya, na ile kuukuu ikanunuliwa na Tata Kazadi, mwenye baa ya mtaa wetu. Unatia franga tumboni mwake, unavuta mkono wake wa chuma, na magurudumu matatu yenye picha za matunda yanazunguka. Matunda yakifanana, kengele inalia na franga zinamwagika. Yasipofanana, Madame ananyamaza, amekula. Jina alipewa na Kazadi mwenyewe, kwa kuwa alitoka kwa wazungu na hakuwa na siku ya kushiba.

Kengele ile ilisikika mtaa mzima. Ikilia, wanaume wanaacha bukari, ugali wetu, mezani. "Kuna mutu alipata!" Na kila mmoja anajiambia kwamba pale kwa Kazadi watu wanapata tu. Mimi nilikuwa nikikaanga samaki mlangoni pale kila jioni, na hata mimi nilichelewa kuuona ujanja wake. Kengele ilikuwa inatangaza arusi peke yake. Misiba haikuitangaza hata mmoja. Anayesema nusu ya habari ni mwongo, awe mtu awe chuma.

Siku cherehani ilipoondoka, Godelieve alikuja akakaa karibu na jiko langu. Kwa cherehani ile alikuwa akishonea watu nguo, na ndiyo iliyowalisha watoto tangu mshahara wa Séraphin uanze kupotelea njiani.

"Mama Simone, mi nachoka," akasema. "Mwisho wa mwezi akirudia mikono tupu, mi napanda treni na batoto, naenda kwa mama yangu. Sitarudia."

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, maana Godelieve ni mtu wa kulia hata kitunguu kikiwa kwa jirani.

Tukamwendea Kazadi, wanawake wote tuliokuwa tukiuza mbele ya baa yake. Akatupokea kwa adabu. "Bamama, Madame hashike mutu mukono. Ni mutu njo anamushika ye mukono." Alilipenda sana neno lake hilo, akalirudia.

"Hatuseme umufukuze," nikamwambia. "Tunataka tu umufundishe kusema kweli. Leo analia mutu akipata. Sasa alie mutu akikosa."

Akacheka, akakataa. Kesho yake tulihamishia majiko yetu yote mbele ya baa ya mshindani wake. Bia bila samaki ni maji machungu tu, na wanywaji walifuata harufu. Kazadi hakumaliza juma. Akatujia mwenyewe, na tayari alikuwa amelifikiria jambo lile akaliona lina faida kwake. "Itakuwa inalia saa yote!" akasema. "Bantu batafikiri hapa kwangu kuko fete, sherehe, kila siku." Tamaa haina masikio.

Barnabé, anayetengeneza redio, akafungua mgongo wa Madame na kuihamisha nyundo ya kengele, nasi tukamlipa kwa samaki. Tangu jioni ile Madame akitoa pesa alinyamaza, akila alipiga kelele.

Kengele ya kwanza ilipolia, wanaume walikimbia na glasi zao mkononi kwenda kumpongeza mshindi. Wakamkuta karani mmoja wa posta, na tai yake shingoni, ameshika hewa. Akavuta tena. Ikalia tena. Mtu mmoja akacheka. Hapo sisi wa Mvua tukachukua haki yetu. Tuliweka mikono kichwani tukaanza kilio. "Wee franga ya karani, umetuacha! Ulikuwa bado kijana, hata unga hujanunua!" Karani akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharagwe motoni, na kila mtu alijua kwamba hajui hata kuwasha moto.

Ikawa ndiyo starehe yetu. Kengele ikilia, tunalia. Mwanaume anaweza kuvumilia kuliwa, lakini kuliwa huku akililiwa ni kazi nyingine. Mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye karata na maneno yao ya kawaida, na Kazadi akaanza kumfuta Madame vumbi.

Isipokuwa Séraphin. Watu wa Uyoga ni wabishi. Ukiwakata leo, kesho wameota palepale. Siku ya mshahara alikuja moja kwa moja kutoka kazini na bahasha yake haijafunguliwa. "Lieni," akatuambia. "Mi niko mwanaume."

Akavuta, kengele ikalia. Akavuta, ikalia. Mwanzoni tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kicheko kikapungua. Séraphin hakutuangalia tena; alikuwa akimwangalia Madame tu, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Nikaacha kuzililia franga, nikamlilia yeye. "Séraphin wetu, umetuacha! Umeacha mke, umeacha batoto badogo!" Nilikuwa natania, lakini moyo ulikuwa unaniuma kwelikweli, na kilio cha namna hiyo hufika mbali. Kondakta wa treni ya Tenke, aliyekuwa akinunua samaki kwangu, alivua kofia, akaniwekea sarafu ya pole kwenye sinia, akaenda zake. Nilifikiri ameingia katika mchezo.

Hakuingia katika mchezo. Aliupeleka msiba Tenke, kwa ndugu zake Séraphin.

Godelieve alikuwa amekwisha kufunga mizigo, maana bahasha ilimrudia tupu. Treni yake ilikuwa ya Jumatatu. Jumapili mchana tulisikia vilio vinatoka upande wa stesheni, na ukoo wa Uyoga ukaingia sebuleni kwa Séraphin na unga na kuku wao. Mbele alitembea kaka yake mkubwa, Tata Mukalay, mtu wa reli, na nyuma yake shangazi yao Henriette, amefunga kitambaa kiunoni. Séraphin mwenyewe alikuwa ametoka kazi ya usiku, amelala chumbani nyuma ya pazia.

"Maiti eko wapi?" Mukalay akauliza.

Godelieve akafungua mdomo aeleze. Nikamfinya. "Eko ndani," nikasema, wala sikudanganya.

Kwa desturi, mambo ya mali hungoja mazishi, lakini mikono ya watu wa Uyoga haijui kungoja. Nikaona nafasi yangu. Nikavaa koti la kazi la Séraphin lililoning'inia msumarini, na kofia yake ya mgodini, nikatoa kifua mbele na kukohoa kama yeye. Mtani akivaa hivyo, yeye ndiye marehemu, na ndugu hana budi kumhoji.

"Ndugu yangu," Mukalay akaanza, "baisikeli yako iko wapi?"

"Nilimupa Madame," nikajibu kwa sauti ya Séraphin.

"Na gramofoni?"

"Madame anapenda muziki."

"Na cherehani ya bibi yako?"

"Madame hakukuwa na nguo, ndugu yangu. Nilimuhurumia."

Watu wakacheka ndani ya machozi, kama inavyotakiwa. Shangazi Henriette hakucheka. "Huyu Madame ni nani? Alimuzalia batoto?"

"Apana, tantine. Anakula tu."

Nikaliona pazia likitikisika. Ameamka! Nikapaza sauti zaidi, nikaimba jinsi nilivyovilaza vitanda vya chuma tumboni mwa Madame, kimoja kimoja. Nakiri nilijifurahisha.

Lakini Mukalay alikuwa ameacha kunisikiliza. Alikuwa akizungusha macho sebuleni, kwenye kuta, kwenye mikeka. "Miaka yote ile ndani ya mawe," akasema polepole, "na hakuna hata kijiko ya kugawa." Akawageukia watoto. "Basi, tugawe batoto."

Hapo hakuna utani. Ndivyo inavyofanyika. Yule wa katikati ataenda na Mukalay. Mdogo atabaki na mama yake mpaka aache kunyonya. Shangazi Henriette akamvuta Elise, akampapasa mkono. "Huyu anaweza kubeba maji. Mi namutwala, naenda naye."

Elise alijua vizuri kwamba baba yake amelala ndani, na alijua kwamba mimi ni Mama Simone wa samaki. Lakini watu wazima wote walikuwa wanazungumza na lile koti, basi naye akaligeukia.

"Papa," akaniambia, "kataa."

Mimi, na mdomo wangu wote huu, nilikosa la kusema. Nilijua sauti ya Séraphin, nilijua kikohozi chake, lakini sikujua angejibu nini. Niliogopa kwamba huenda asingejibu kitu.

Pazia likafunguka. Séraphin akatoka na fulana yake ya ndani. Wee! Mukalay alipita dirishani, mtu wa reli na heshima zake zote. Kuku wakatawanyika, wanawake wa Tenke wakakanyagana mlangoni. Shangazi Henriette peke yake hakusogea, wala hakumwachia Elise mkono. Akamtazama Séraphin kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Banasema ulikufa."

"Mi sikukufa, tantine."

"Onyesha."

Séraphin akageuka kutafuta cha kuonyesha. Akaangalia pembe hii, akaangalia pembe ile. Akafungua viganja vyake, akavitazama, akavifunga. Kisha lile jitu lenye mabega likakaa chini mkekani, likalia mbele ya watoto wake. Nikavua koti taratibu nikalirudisha msumarini, maana lilikuwa limeanza kunichoma.

Godelieve alisema neno moja tu. "Treni ya kesho nitaacha ipite. Ile ya mwisho wa mwezi haitaniacha."

Mwezi ule Séraphin hakukanyaga kwa Kazadi, lakini hakuwa na pesa ya kukanyaga nayo. Mwezi ulipokaribia kwisha, alinijia jikoni.

"Mama Simone, njia ya kutoka ku mushahara inapita kwa Kazadi. Mi sijue kama nitapita."

Nilimtukana kwanza, maana utani una taratibu zake. Kisha nikamwambia: "Maiti haingie mu baa. Maiti inaenda nyumbani tu."

Siku ya mshahara sisi wanawake wa Mvua tulimngoja chini ya dirisha la kulipia mishahara. Alipotoka na bahasha yake tulimzunguka, tukaweka mikono kichwani, tukaanza kumlilia mchana kweupe. Alitembea katikati yetu kama jeneza lenye miguu. Wanaume njiani wakavua kofia. Polisi wa njia panda alikuwa na amri ya kutawanya kila mkusanyiko, maana mwaka ule Wabelgiji waliotutawala waliogopa hata watu wanne wakisimama pamoja. Lakini nani anatawanya kilio? Akatupisha, akapiga saluti.

Mbele ya baa Kazadi alikuwa amesimama mlangoni. "Séraphin," akaita kwa upole. "Moya tu. Ya kuagana."

Séraphin akasimama. Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia, nikausikia mkono ule ukivutika chini, wenyewe, jinsi alivyozoea kuvuta. Basi nikalia tu, bila maneno. Akainua mguu. Akainua wa pili. Tukampitisha.

Godelieve alikuwa amekaa mlangoni juu ya mizigo yake, watoto wamevaa nguo za safari. Akaipokea bahasha. Akatutazama sote, tulivyokauka koo. "Aksanti ya kuleta maiti," akasema. "Muingie, mukule." Treni ikapiga honi stesheni, nasi tulikuwa tunanawa mikono.

Nikadhani imekwisha. Mwisho wa mwezi uliofuata mlango wangu ukabishwa mapema. Alikuwa Séraphin, na nyuma yake yule karani wa posta, tai yake mkononi.

"Mama Simone, mukuye tena, mutulilie."

"Bado tu, mujinga weye?"

"Ile kengele," akasema, "mi naisikia hata kama imenyamaza."

Karani akaangalia viatu vyake. Nikafunga kitenge changu vizuri, nikaenda kuwaita wenzangu.