Udongo wa Maduhu

Melania alimwamkia shikamoo kijana aliyelingana na mwanawe wa mwisho, na kijana akaitika marahaba bila kuona haya. Ndiye Ignas, msimamizi wa duara, shimo la dhahabu. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna muwa, makapi anayatemea shimoni.

"Mama Maduhu, si tulishaongea? Mwili hautoki. Huko chini matimba yanayoshikilia kuta yamevunjika, mwamba unacheza. Nikishusha watu nitaua wengine."

"Mwili nimeshauacha, baba. Nimefuata udongo."

Kwao Kagongwa, aliyekufa asionekane huzikwa kwa udongo wa pale alipofia. Watu walikuwa wamekaa msibani tangu duara liporomoke na kumfunika Maduhu, mwanawe huyo wa mwisho, na asubuhi hiyo wanaume wamechimba kaburi. Kaburi halilazwi tupu. Likilala wazi, linamwita mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Na nyumba hiyo imebaki na Melania na watoto wadogo wa Maduhu.

"Udongo upi?" Ignas akauliza.

Melania akaonyesha kiroba kilicholala kando ya winchi. Wenzake Maduhu walimwambia: hicho ndicho alichojaza mwisho. Kiroba kikapanda, yeye akabaki.

"Aa, mama. Ule si udongo, ule ni mzigo. Mali ya bosi."

"Konzi moja tu, baba."

"Hata konzi haitoki hapa haijapita karasha. Ikishasagwa, ikaoshwa, marudio, yale matope yanayobaki, chukua yote. Mimi sina roho mbaya."

Wachimbaji wakakibeba kiroba hadi kwenye mashine ya kusaga. Mwendesha mashine, mtu wa utani, akapaza sauti: "Kitendawili! Kinatafuna mawe, kinakunya unga!"

"Karasha!" wachimbaji wakaitikia, wakacheka. Kisha mmoja akamwona Melania na kitambaa chake cha msiba, kicheko kikafa.

Simu ikaita. Luka, shemeji yake.

"Shemeji, uko wapi? Kaburi liko wazi na jua linashuka."

"Wanasaga, Luka."

"Wanasaga nini?"

Melania akaondoa simu sikioni. Akakata.

Bhoke, mama anayeosha, akamimina ule unga kwenye beseni, akatia maji na zebaki, akasugua kwa viganja vitupu. "Pole, mama yangu," akanong'ona. Akayumbisha beseni, akamwaga, akayumbisha tena. Mara mikono ikasimama: chini ya beseni dhahabu iling'aa. Ignas akautupa muwa, akaja kuchuchumaa.

"Hii ni ya kiroba kipi?"

"Cha marehemu."

Ignas akainuka. "Leteni kamba! Leteni matimba mapya! Tunashuka sasa hivi!"

Melania akamsogelea. "Mnamtoa?"

"Tunafuata mwamba wenye dhahabu, mama. Alikuwa ameshaufikia."

"Na mkimkuta?"

"Tukimkuta tutamsogeza." Akamshika bega, akamgeuza kuelekea barabarani. "Sasa tupishe. Hapa ni kazini."

Bhoke alimfungia yale matope ya kijivu kwenye mfuko wa rambo. Yalikuwa mazito, yanavuja, na hayakunuka udongo. Melania akasimama kando ya barabara na mzigo wake kungoja bodaboda. Simu ikaita, ikanyamaza, ikaita. Jua lilikuwa limeshagusa vichaka winchi ilipoanza kulia nyuma yake, na alijikuta anageuka.

Kilichopanda kilikuwa kiroba. Wanaume wakakipokea kwa mikono miwili, wakakilaza chini taratibu. Ignas akavua kofia, akakiinamia.