Kipa Aliyeuzwa Pamoja na Historia

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, tupa ilikwaruza jikoni. Nzembi alijua ni mumewe, Mutunga, ananoa vyuma vya viatu vyake vya kutelezea. Mutunga alifariki miaka kumi na mitatu iliyopita, lakini alikuwa kipa, na mazoezi yalianza saa kumi na moja alfajiri. Nzembi akainuka kumtilia chai.

Nyati wa Voi ilikuwa timu ya hoki ya barafu. Mwaka ule mvua ilipokataa kabisa, barafu iliganda yenyewe kwenye sakafu ya ghala la zamani la mkonge, na vijana wa reli wakaona si vizuri ikae bure. Wakachonga fimbo za mwarobaini. Baadaye wakaja wadhamini, mishahara, na mwenye timu. Mutunga alipofariki, Nzembi ndiye aliyezunguka na karatasi mtaani, watu watie sahihi, ili waliotangulia waandikwe kwenye daftari la historia ya timu wasisahaulike. Wakaandikwa.

Asubuhi hiyo alikuja wakili wa timu, Donald, kijana mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Mama, timu imeuzwa. Inahamia Nairobi."

"Nimesikia. Nendeni salama."

"Imeuzwa pamoja na historia yake yote." Akafungua daftari. "Mzee yumo, ukurasa wa pili."

"Huyo ni mume wangu. Kaburi lake lile pale, nyuma ya mihogo."

"Kaburi linabaki, Mama."

Jirani yake Nthambi alikuwa akisikiliza ng'ambo ya ua. "Hata marehemu mnawapandisha basi? Huyo tajiri wenu amewahi kumpikia hata uji?"

Donald alifunga daftari. Alimwingizia Nzembi mtungi wa maji ndani, akaenda zake.

Jumamosi barafu ilikunjwa kama mkeka, ikapakiwa kwenye lori. Wanawake walikaa barabarani mbele ya basi hadi saa sita. Askari waliwainua mmoja mmoja, kwa adabu, maana wengine walikuwa mama zao. Mutunga alikaa kiti cha nyuma. Dereva alimfungulia dirisha apate hewa, kisha akawasha gari.

Mwezi wa nane Nzembi alipanda treni kwenda kumwona. Alilipa kiingilio cha uwanja kama mgeni. Ukutani waliandika historia ya Nyati wa Nairobi, nayo ilianzia mwaka huohuo. Walikuwa wameichukua historia yote, na hawakuitumia hata ukurasa mmoja. Nzembi akashuka ngazi hadi kando ya barafu.

Mutunga aliteleza hadi kwenye kioo kilichowatenganisha.

"Baba Kasiva, wanakutunza?"

"Wananiita Namba Moja. Dada wa usafi hunisalimia."

"Twende nyumbani."

"Nimejaribu. Nikifika Mtito Andei, katikati ya njia, miguu inakataa."

Kipenga kikalia. Mutunga akageukia lango, akasimama kidogo.

"Mama Kasiva, uje tena."