Usingizi wa Mchana

Wifi yangu alikuja kunisaidia kumuuguza Mama, na hazikupita siku nyingi Mama akawa analala fofofo hadi asubuhi. Mimi nilikuwa nimehangaika naye miezi, akizunguka nyumba usiku kucha akiwatafuta wateja wake wa ushonaji waliokwisha kufa zamani. Sifa zote akapewa Wifi. Roho iliniuma, sifichi.

Na alichokuwa anafanya wala si uganga. Asubuhi anamtoa Mama juani. Chai ya jioni, marufuku. Mchana hamwachi alale. Anampa shati kuukuu ashone vifungo, na Mama akishamaliza, bibie anavikata kisirisiri ili kesho aanze upya. Fundi aliyeshonea nusu ya mtaa, leo anachezewa kama mtoto! Nilinuna. Lakini Mama alimwita yeye "mwanangu", na mimi nikipita ananikaribisha kama mgeni.

Kaka akapiga simu. "Dada, ugonjwa huu wa kusahau si mchezo. Mwezi uliopita Mama kakutwa barabarani usiku. Kama kwa mke wangu analala, Jumapili namhamishia kwetu."

"Mama kanizaa mimi, hakumzaa mkeo!" Nikamkatia simu.

Ningeweza kumuiga Wifi nikabaki na mama yangu. Kijicho kilinikataza. Baada ya chakula cha mchana nikamtuma Wifi sabuni, ile inayouzwa mbali. Nikalificha shati, nikashusha mapazia, nikamlaza Mama mapajani. Akasinzia papo hapo. Nilimpapasa nywele nikijisikia mshindi.

Wifi akarudi jasho likimtoka. "Wifi, mwamshe. Akilala saa hizi, usiku atatoka tena."

"Akilala kwako ni sawa, akilala kwangu ni kosa?"

Hakunijibu kwa hasira, na hilo likanikera zaidi. Aliweka sabuni chini, akakaa sakafuni karibu na miguu ya Mama.

"Nimemwambia mume wangu Mama abaki hapa," akasema. "Nimemwambia utaweza. Sasa akipotea usiku, nitamwambia nini?"

Kumbe alikuwa ananitetea. Nilitamani nimpende, nikashindwa. Alikuwa ameshinda hata hapo. Lakini niliiona ile barabara, na magari yake. Nikamtikisa Mama bega.

Mama akafumbua macho, akanitazama kwa karaha, kisha akamnyooshea Wifi mkono.

"Mwanangu, mwambie huyu mke wa kaka yako aniache. Tangu aolewe humu ndani hana adabu."

Wifi akafungua mdomo amsahihishe. Nikamtikisia kichwa anyamaze. Mama alikuwa macho kabisa sasa, amekunja uso, anasubiri kuombwa radhi.

"Nisamehe, mama mkwe," nikasema. "Inuka basi, tutoke nje."