Hakushuka

…na mkono bado uko juu, mkono wa kulia, vidole vimekwisha kufa ganzi, ganzi inateremka kiganjani, inateremka kwenye kifundo, na Mzee Semboja mwenyekiti anatazama dirishani, anatazama mabati, anatazama viatu vya mgeni, anatazama kila kitu humu darasani ila mkono huu, labda hauoni, hapana, anauona, mzee yule humtambua mbuzi wake aliye ng'ambo ya mto, atashindwaje kuuona mkono wa Chausiku, mhudumu wa zahanati, aliyekaa dawati la pili tu, magoti yamekwama chini ya ubao kwa sababu madawati haya yalitengenezwa kwa ajili ya watoto… "ndugu wananchi, mbegu hii haitaki mzaha," anasema mgeni, bwana shamba kutoka Korogwe, aliyeingia na vumbi lake wakati ule ule Simeo, katibu wa kijiji, alipomaliza kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, na mwenyekiti alikuwa ameshauliza kama kuna masahihisho, ameshauliza, Chausiku alimsikia, akanyoosha mkono, ndipo Landrova ikapiga honi nje, watu wote wakasimama, Uhuru na Umoja, wakaketi, mgeni akasema ana haraka, apewe nafasi kwanza, na Chausiku akaunyoosha mkono tena, na daftari la muhtasari likabaki pale mezani limefunguliwa, kalamu imelazwa juu yake, sahihi bado, bado, bwana shamba akimaliza tu Mzee Semboja ataichukua kalamu ile na atatia sahihi na litakuwa limekwisha, maana chini ya kalamu ile kuna sentensi moja, Simeo aliisoma mbio mbio kama mtu anayemeza kwinini, kwamba kuhusu ombi la njia ya baiskeli kikao kiliona hapana haja, kwa kuwa ajali ya darajani ilisababishwa na marehemu Abdi mwenyewe, hakushuka.

Hakushuka, neno moja, na wifi Mwaija, mke wa marehemu, aliyekaa hapa ubavuni, ametoka eda juzi tu, hiki ndicho kikao chake cha kwanza, aliposikia neno lile aliinamisha kichwa na kuvuta kanga mpaka usoni, kama kwamba ni yeye ambaye hakushuka, kama kwamba kiburi ni cha ukoo mzima… siku ya msiba alikuwa akisema vile vile, amekaa mkekani, nilimwambia mimi, kila asubuhi nilimwambia, baba Salimu ukisikia gari ushuke, ushuke, hakunisikia, na Chausiku, dada yake Abdi tumbo moja, alikuwa amekaa karibu kama alivyokaa sasa, akamshika mkono, akanyamaza, miezi minne na siku kumi ya eda amenyamaza, akienda kumpelekea maji ananyamaza, akimsuka nywele ananyamaza… "mstari kwa mstari, shimo kwa shimo, siyo kumwaga kama unalisha kuku," watu wanacheka, Bibi Tatu nyuma anasema, "Kuku wenyewe wako wapi, walibaki kule tulikohama," wanacheka tena, na mgeni anacheka pia bila kujua wanacheka nini.

Kule walikohama, ndiyo, huko ndiko mashamba yaliko mpaka leo, walipohamishiwa barabarani mwaka jana waliambiwa huduma zitawafikia, maji, shule, zahanati, na kweli shule hii hapa, zahanati ile pale, lakini mihogo haikuhama, mihogo ilibaki ardhini kule kule, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, ndiyo maana kila aliyeweza akatafuta baiskeli, kuukuu, ya kuazima, ya kununua watu wawili kwa shirika, kaka Abdi ya kwake aliifuata Handeni kwa wajomba, akaipanda njia nzima mpaka hapa, akafika na vumbi mpaka kwenye kope, akasema Chau, tazama, nimekuletea farasi, na jioni ile ile akamfundisha kupanda, akishika kiti kwa nyuma, usitazame gurudumu, tazama mbele, baiskeli huenda unakotazama… na watu wakapanga foleni kutazama mwanamke na lile bomba la kati, suruali ya kaka ndani, kanga juu, Mzee Mbaruku akisema, mama daktari, siku hizi unatusalimia kwa magurudumu? kwa hiyo akawa anashuka, kila mzee anashuka, shikamoo mzee, marahaba, anapanda, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, wa nyumbani hawajambo, anapanda, siku ya kwenda kumzalisha Dorkasi alishuka mara saba akakuta mtoto keshalia, lakini huko ni kushuka kwa heshima, hakumchoshi mtu, unashuka, unaonana uso kwa uso, unapewa marahaba yako, kule kushukia magari ndiko kuna…

"Wifi," Mwaija ananong'ona kutoka ndani ya kanga, "utaumia mkono." Chausiku anaushika kiwikoni kwa mkono wa kushoto, kuutegemeza, kubadilisha hawezi, kunyoosha wa kushoto mbele ya wazee si adabu, na kama ni uchovu haukuanza leo, ulianza mlango wa kwanza, alipozunguka na daftari la shule kuomba watu watie dole gumba, wino hakuwa nao, akatumia dawa ya zambarau ya vidonda, kijiji kizima kikatembea wiki nzima na vidole vya zambarau, watoto wakaiga wakajipaka mpaka pua, na Bibi Tatu alipotia dole lake alisema mimi baiskeli nimepakiwa siku moja tu, siku ya harusi yangu, na nilianguka, lakini weka, weka, mjukuu wangu atapanda, na wote waliuliza jambo moja, tunaomba nini hasa, naye akawaeleza, kufyeka kando ya barabara hatua mbili, kutoka nyumba za mwisho mpaka darajani, na pale darajani ubao wa kupitia pembeni, basi, jembe na panga tu, lori la mkonge lipite barabarani, mtu na mihogo yake apite kando, hakuna wa kumsubiri mwenziwe… kikao cha kwanza wakasema liletwe kwa maandishi, cha pili likawekwa kwenye mengineyo, jua likatua kabla ya kufika mengineyo, cha tatu likafika, na Mzee Mbaruku akasimama, akajipangusa, akasema sisi wakati wa mkonge, gari la bwana meneja likitokea kule, wewe uko huku, unashuka, unaingia majanini, unavua kofia, mpaka vumbi litulie, na hakufa mtu, tulishuka sisi, ninyi mnashindwa nini? na watu wakapiga makofi, hata waliotia dole walipiga makofi, Chausiku aliviona vidole vya zambarau vikipiga makofi, na Simeo akaandika, wenye baiskeli washuke gari lipitapo, na hilo la marehemu likaandikwa hapo hapo, maana dereva ndivyo alivyosema, hakushuka, na polisi alipouliza nani aliona…

Nani aliona, "je, kuna swali mpaka hapo?" anasema mgeni, na macho yake, hayajui mambo ya kijiji, yanatua kwenye mkono, "ndiyo, mama pale," na kabla Chausiku hajafungua kinywa Mzee Semboja amekwisha inuka nusu, "Huyo siyo wa mbegu, ndugu mgeni, huyo ana yake, tunamjua, dada Chausiku, shusha mkono kwanza, mengineyo bado," na mtu nyuma anasema, "Mama Baiskeli huyo," kicheko, na mgeni anatabasamu na kuendelea, "haya, sasa mbolea…" shusha mkono, shusha, mkono wenyewe unataka kushuka, ni mzito kama gunia, kama lile gunia, mihogo mibichi, ilikuwa imenyesha usiku, kaka Abdi mbele, gunia nyuma limefungwa kwa mpira wa gurudumu kuukuu, yeye nyuma yake na baiskeli ya zahanati, kaka anaimba, sauti mbovu, halafu, karibu na daraja, mngurumo nyuma yao, mkonge, lori la mkonge, na kaka hakuacha kuimba, alisogea tu ukingoni, taratibu, akatazama mbele, baiskeli ikaenda alikotazama, kulikuwa na nafasi, kulikuwa na nafasi, hilo amelipima kila usiku kwa miezi yote hii, alirudi na fimbo akapima, kati ya alama ya lori na alama ya baiskeli mtu mzima angeweza kulala, na yeye aliyefundishwa tangu utoto, na baba, na babu, na barabara yenyewe, alifungua kinywa akapiga kelele, kaka, shuka! na kaka, ambaye hakupata kumsikiliza mtu yeyote siku nyingine yoyote, siku hiyo alimsikiliza, akaupitisha mguu juu ya bomba kwa sababu nyuma kuna gunia, akakanyaga ukingo uliolowa, udongo ukatoka, gunia likavuta kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na magurudumu ya nyuma… na alichokwenda Chausiku kukichukua zahanati kwa mikono yake mwenyewe kilikuwa shuka, shuka jeupe, neno lile lile, na polisi akauliza nani aliona, naye akasema sikuona vizuri.

Sikuona vizuri, maneno mawili tu, kwa sababu angesema alishuka wangeuliza mbona alishuka na ukingo umelowa, na angesema nilimwambia mimi, na wifi angesikia, na mama yao huko Handeni angesikia, kwa hiyo akanyamaza, na ukimya wake Simeo akauandika kwa mkono mzuri, hakushuka, sasa umekuwa muhtasari, kesho utakuwa mafaili Korogwe, na yeye amezunguka nyumba kwa nyumba na dawa ya zambarau akiomba njia, anaomba njia huku ameikalia sababu yenyewe, ndiyo maana haifiki, ndiyo maana inachosha, mtu anavuta kamba ambayo ncha yake ya pili ameifunga mwenyewe mguuni… "samadi ni bora zaidi, kama ng'ombe wapo," ng'ombe wapo, kila kitu kipo, inzi yuko kwenye daftari, anatembea juu ya kalamu, anateremka kwenye karatasi, anapita juu ya neno, na Mzee Mbaruku kule mbele amesinzia, kofia magotini, kofia ile ile ya kuvua, maskini mzee, naye alishuka maisha yake yote na hakuna aliyempa marahaba, alisimama majanini akala vumbi na anatuambia kwa fahari kwa sababu asipokuwa na fahari atabakiwa na nini, na siyo yeye aliyemuua Abdi, siyo hata dereva peke yake, ni neno, neno tuliloachiwa, tulishusha bendera ya wakoloni tukabaki tunashuka sisi, na wote wanasema kaka alikufa kwa kutoshuka, kumbe alikufa kwa kushuka, kwa kushuka, na kama alikufa kwa kushuka basi azimio la kushuka ni la kuua wengine, mjukuu wa Bibi Tatu, mtoto wa Dorkasi, wifi mwenyewe, ambaye jana tu aliuliza, kwa aibu, akitazama chini, wifi, ile baiskeli ya baba Salimu ikinyooshwa rimu, unaweza kunifundisha?

Anamtazama Mwaija, kanga imeshuka kidogo usoni, jicho moja linaonekana, limechoka, limechoka kuliko mkono, miezi minne anabeba kiburi ambacho marehemu hakuwa nacho siku ile, anaamini kwamba mumewe hakumsikia, na nani mwingine humu ndani anaweza kumtua mzigo huo ila mtu mmoja, na mtu huyo atachukiwa, labda, atafukuzwa msibani baada ya msiba, labda wifi hatakubali tena kusukwa na mikono hii, labda, lakini njia haiwezi kufyekwa kutoka kwenye nyumba za mwisho, njia inaanzia hapa, kwenye dawati hili, kwenye neno hili, siyo hakushuka, mwenyekiti, nina sahihisho moja, si mengineyo, ni sahihisho, katika muhtasari pale paliposomwa hakushuka pasomeke alishuka, alishuka, nilimwambia mimi, nilikuwa nyuma yake, na tusimwambie mtu mwingine yeyote ashuke mpaka awe na pa kukanyaga… "Wifi," ananong'ona Mwaija, anamvuta kanga, "watu wanatazama, shusha."

"Sishuki," anasema Chausiku.

Alitaka kusema sishushi, ulimi umeteleza, Bibi Tatu nyuma amecheka puani, "Ushuke wapi, mwanangu, kwani umepanda nini?" na Mwaija hacheki, anamtazama, jicho la pili nalo limetoka kwenye kanga, linamtazama kama linalosikia kitu mbali barabarani, na bwana shamba anasema jambo la mwisho, ndugu wananchi, kabla sijamaliza, na kabla ya hilo kuna jingine, na inzi yuko juu ya karatasi, kalamu imelala, Mzee Semboja anatazama dirishani, mkono umechoka vile vile, haukupata nguvu yoyote mpya, uko juu.