Gundi Chini ya Miwani Nyeusi

Dada yangu ni fundi wa kuezeka mapaa. Kiangazi kile alikabidhiwa kazi yake ya kwanza kama msimamizi: paa la ukumbi wa shule, mabati mapya yanayong'aa mpaka ukiwa barabarani unafumba jicho moja. Alikuwa na mafundi watano chini yake, na siku hizo alitembea kama mtu aliyeongezewa kimo.

Shida ilikuwa macho. Kila jioni alirudi nayo yameiva, akilalamika kwamba ni kama amemwagiwa mchanga. Kwenye jicho la kulia, upande wa pua, palikuwa pameanza kuota kinyama chembamba kinachojongea kuelekea kwenye mboni. Jumatatu daktari wa macho alimpa dawa ya matone na kumwambia waziwazi:

"Nakupa wiki moja. Jumatatu ijayo wekundu huu usipopungua, hupandi paa mpaka kiangazi kiishe."

Paa lilikuwa limefika nusu. Asipolimaliza yeye, angelimaliza mwingine, na usimamizi ungeondoka naye huyo mwingine.

"Ulimwambia unavaa miwani ya jua?" nilimuuliza.

"Nilimwambia. Akaniuliza iko wapi, nikasema nimeiacha kazini. Akasema vizuri, endelea kuvaa."

Sasa, mafundi wa mapaa wana namna yao ya kuchagua miwani ya jua. Wanaivaa palepale dukani na kuikodolea macho taa ya muuzaji. Ukiweza kuuona hata waya wa taa, unairudisha. Dada alichagua ile iliyozishinda zote kwa weusi, na wenzake wakampachika jina la Popo. Hakuchukia. Aliwanunulia na wao ya aina ileile.

Mimi natengeneza simu kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Alhamisi mchana nilikuwa nimebandika kioo kipya kwenye simu ya mteja. Gundi ya vioo ni maji kama asali nyepesi, na haikauki kwa upepo wala kwa joto. Inakaushwa na taa maalumu yenye mwanga wa zambarau, ile inayotoa miale isiyoonekana kwa macho, sawa na miale ya jua inayochoma. Nilikuwa nimeiwasha nikageuka kutafuta bisibisi, dada akaingia kama upepo.

"Nimeshindwa," alisema. "Saa saba tu, machozi yananitoka kama nakata vitunguu. Nimewaacha wanaendelea."

Akavua miwani, akaitupa mezani, akajimwagia maji ya kopo usoni. Nilipogeuka nikaona miwani imelala juu ya simu ya mteja, katikati ya kioo na taa.

"Dada! Umeniharibia kazi! Gundi haitakauka!"

Niliinyanyua miwani nikagusa ukingo wa kioo kwa kucha, nikitegemea kidole kinate. Hakikunata. Gundi ilikuwa ngumu kama jiwe.

Nikaishika ile miwani nikaangalia dirishani. Dirisha lilionekana kwa shida. Nikaweka kidole gumba mbele yake, sikuona kidole. Karibu mwanga wote ulikuwa umezuiwa, lakini miale ya kukausha gundi ilikuwa imepita kama mgeni mwenye ufunguo.

"Kaa hapo," nilimwambia. "Usiondoke."

"Na macho haya niende wapi?"

Jambo likitokea mara moja, mimi huwa siliamini. Nikachukua kipande cha kioo chakavu, nikadondosha tone la gundi, nikalifunika kwa miwani yake, nikawasha taa na kuhesabu mpaka sitini. Ngumu. Nikarudia. Ngumu. Nikachukua miwani yangu ya kinga, ile nyeupe kabisa ninayovaa nikisaga vyuma, nikafanya vilevile. Nilipoligusa tone, lilinitambalia kidoleni, bichi. Nikaongeza hadi mia na ishirini. Bichi!

"Mama!" nilipiga kelele. "Lete miwani yako ya kusomea!"

Mama alikuja mbio, akidhani nimeungua. Baada ya dakika kumi meza ilikuwa imejaa: miwani ya mama, ya jirani mshona nguo, hata kioo cha kofia ya pikipiki ya shemeji. Kila tone nililiandikia jina. Mama alishika saa, na kila nilipogusa tone aliuliza, "Limekauka? Limekauka?" kama anasubiri matokeo ya mtihani.

Dada alikuwa amekunja mikono. "Yaani gundi ndiyo imekuwa daktari?"

"Gundi haijui kusema uongo, Popo."

"Usiniite Popo, mimi mkubwa wako. Hiyo miwani yako inaonyesha kila kitu! Itazuiaje jua, na hii nyeusi ishindwe?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba tone hili limekauka na hili halijakauka. Gusa mwenyewe."

Aligusa. Akagusa tena. Akainuka, akaikusanya miwani yote ndani ya kanga ya mama. "Twende kwa daktari kabla hajafunga."

Tulikwenda nusu tukitembea, nusu tukikimbia, mama nyuma yetu akidai asiachwe. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akatoa kipimo chake kidogo cha miale na kupitisha miwani moja baada ya nyingine.

"Gundi peke yake nisingeiamini," alisema, "lakini leo imesema kweli. Hii nyeusi ni rangi tu, haina kinga. Tena ni mbaya kuliko kukaa bila miwani. Gizani mboni inapanuka, sivyo? Umefungua mlango wote, miale inaingia bila kubisha hodi."

Dada alisema kwa sauti ndogo, "Na mafundi wangu watano nimewanunulia hiyohiyo."

"Basi wavue leo. Tafuteni yenye kinga kamili ya miale, iliyopinda hadi pembeni. Rangi ya wastani inatosha kupunguza mng'ao. Kofia pana pia, lakini kofia peke yake haikufai, maana mabati yanakurushia jua kutoka chini. Na saa tano mpaka saa tisa, shukeni."

"Saa nne nzima? Kazi itaisha lini?"

"Anzeni mapema."

Jioni ileile alinunua miwani sita yenye kinga, na kesho yake akaanza mapema. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, jua lilimkuta juu ya paa, na likianza kuwaka kweli alikuwa kivulini anahesabu misumari na kupanga mabati ya jioni. Wenzake walilalamika siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja wao alikuja kwangu na miwani ya mkewe kifuani akiomba ipimwe. Nilimwelekeza kwa daktari.

Jumatatu tulikaa watatu kwenye benchi la zahanati. Dada alikuwa anatikisa mguu mpaka benchi lote linatetemeka.

"Tulia, mwanangu," mama alisema.

"Nimetulia."

Daktari alimwinua kidevu, akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi la kulia. Alichukua muda wake. Mimi nilikuwa nimesahau kupumua.

"Kinyama bado kipo," alisema. "Tutakiangalia kila mwezi. Lakini wekundu umepungua sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo panda."

Dada alimkumbatia daktari mpaka tochi ikaanguka. Kabla hatujafika mlangoni alikuwa ameshashika simu sikioni.

"Nyie! Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mtu asinichelewe! Ndiyo, mimi! Mlidhani nani?"

Tulipotoka nje bado anapiga kelele, barabara nzima iligeuka kumtazama, naye akapita katikati ya watu akipunga mkono.