Mgeni Aliyeuliza Upana wa Njia

Mwendesha baiskeli ana maswali yake, na Tadei aliyajua yote. Kilima kinapandika au ni cha kukokota? Mchanga unaanzia wapi? Nikipata pancha, nani ataniziba? Tangu serikali iseme biashara ni ruksa kwa kila mtu, alikuwa akipandisha dagaa wa Kasanga kwenye karia, misituni na mabondeni, mpaka akawa anajua mzizi gani utakaokurusha ukiteremka bila breki. Lakini huyu Masunga, jamani, huyu aliuliza njia ina upana gani.

"Upana?" Tadei alimtazama. Walikuwa wamesimama sokoni Matai, kila mtu na baiskeli yake. "Baiskeli inataka upana gani, ndugu yangu? Si tairi ndiyo hii unaiona?"

Masunga akacheka. Alikuwa Msukuma mrefu wa makamo, mpole kupita kiasi, na upole huo ndio uliomkera Tadei tangu mwanzo. Alisema anataka kupeleka mitumba Mwazye na anatafuta njia ya mkato, si barabara ya malori. Haya, mitumba yenyewe iko wapi? Kwenye karia yake palikuwa na blanketi, sufuria ndogo na fimbo. Fimbo! Mtu wa mitumba anafanyia nini fimbo, anapimia suruali?

Tadei hakuwa mjinga. Alishasikia habari za kule chini, bonde la Rukwa. Anatangulia mtu mmoja na baiskeli, mpole, anaamkia wazee, anauliza njia. Baada ya mwezi unasikia kengele za ng'ombe, na shamba lako limekuwa barabara. Na njia ya mkato ya Mwazye ilipita kando ya mto, ikagusa shamba la Tadei mwenyewe, shamba pekee alilokuwa nalo. Dagaa walimpa chumvi na sabuni. Chakula cha nyumba yake kilitoka bondeni pale. Likikanyagwa, mkewe na watoto watakula nini mwaka mzima? Spoki?

Angekataa. Ila Masunga alimwahidi tairi jipya la nyuma, na la kwake lilikuwa limeshonwa mpaka halina pa kushona tena. Akakubali, huku moyoni akisema: nitakupitisha mahali utakapoikana hiyo mitumba yako.

Wakatoka asubuhi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na njia ya msituni ilikuwa imeshikana vizuri, lakini Tadei aliiacha, akakata kushoto kwenye mawe, penye miiba na visiki. Alikanyaga kwa hasira, akisikiliza nyuma yake sufuria ikigonga karia. Masunga alianguka mara moja, akajipangusa magoti, akasema, "Njia nzuri, mwenyeji wangu. Ina kivuli."

Kivuli! Tadei akazidi kumshuku.

Vilimani walishuka wakasukuma. Kule juu uwanda ulikuwa wazi, upepo unavuma, majani mapya yamefunika kila kitu. Tadei alisimama kupumua akitazama mteremko, kwa maana mteremko ndio furaha ya mtu wa baiskeli. Masunga hakuutazama. Aliinama, akang'oa jani, akalitafuna, akalitema, akatikisa kichwa kama aliyeonja mchuzi ukamfaa.

"Unakula majani?" Tadei akamuuliza.

"Nimezoea tu."

"Na kule Mwazye utawauzia mitumba au utawauzia majani?"

Masunga akacheka tena. Tadei akapanda baiskeli akateremka bila kumngoja.

Kwenye kijito cha kwanza palikuwa na gogo la kuvukia, na kila mtu wa baiskeli akifika pale hulitazama gogo: limeoza? linateleza? Masunga alilipita kama hakuliona. Alishuka ukingoni, akakanyagakanyaga udongo, akauliza kama maji haya hukauka kiangazi. Tadei alibeba baiskeli yake begani akavuka. Sasa hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa anamwongoza mwizi mpaka mlangoni kwake, tena kwa ujira wa tairi. Alijiona mpumbavu, akaona hasira mpaka macho yakamwasha.

Jua lilipofika utosini wakaingia bondeni. Hapo bonde lilibanwa na vilima viwili, mto ukapita katikati. Upande huu lilikuwa shamba la Tadei. Ng'ambo lilikuwa la Kristiana, dada yake, mjane mwenye watoto wanne. Kristiana alikuwa mchapakazi. Alishazitawanya ntumba zake akasia ulezi, na ulezi ulikuwa umechipua. Tadei, kwa sababu ya kuhangaika na dagaa, alikuwa hajatawanya hata moja. Basi shamba lake lote lilikuwa limejaa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa hufukia majani ndani yake yaoze, mwaka wa pili ayasambaze apande. Yalikaa pale kwa safu, ya udongo mtupu, maharage yake yalikwisha kuvunwa zamani.

Tadei alikuwa ameshaandaa maneno makali. Akageuka ayaseme, akamkuta Masunga ameshuka kwenye baiskeli. Alikuwa amevua kofia na kuibana kifuani.

"Poleni," Masunga alisema kwa sauti ya chini. "Poleni sana, mwenyeji wangu. Ni wengi hivi?"

Tadei hakuelewa. Wengi nini? Akatazama alipotazama mgeni, akaziona ntumba zake, halafu ndipo alipoziona kwa macho ya Msukuma. Kidogo acheke. Kicheko kilimfika kooni akakimeza.

"Wengi," akasema.

"Ni kina nani?"

"Wazazi. Ndugu zangu wote." Ulimi ulikwenda wenyewe. "Nimebaki peke yangu."

"Kwetu nako ugonjwa huu wa siku hizi umetumaliza," Masunga alisema. "Mke wangu nimemwacha Geita chini ya udongo kama huu. Ndiyo maana nilihama. Nisingeweza kulisha ng'ombe pale na kumwona kila siku." Akafuta uso kwa kofia. "Nisamehe, nilikuficha. Sina mitumba. Nina ng'ombe wa ukoo wetu wanaokwenda kusini, na mtu akisikia ng'ombe hanionyeshi njia. Lakini hapa hawatapita. Siwezi kuwapitisha ng'ombe juu ya watu wako."

Haya, sasa Tadei alikuwa amepata alichotaka. Mbona basi aliona haya? Alitaka kusema, bwana, hayo ni majani na udongo, mimi ni mwongo. Lakini alilitazama shamba, akanyamaza.

Masunga alinyoosha fimbo ng'ambo ya mto, kwenye ule ukijani mchanga. "Na kule kwenye majani? Hakuna watu?"

Ulezi ukiwa mchanga, asiyeupanda ataona majani tu. Tadei alijua. Akisema lile ni shamba, Mungu wangu, mgeni atauliza linalimwaje, na akishajua atarudisha macho upande huu. Bonde ni jembamba. Ng'ombe watapita huku au kule. Hakuna pa tatu.

"Kule hakuna watu," akasema Tadei.

Wakafika Mwazye jioni. Tairi alipewa, zuri, lina meno.

Ng'ombe walipita kabla ya Krismasi. Tadei alikuwa Kasanga siku hiyo, au tuseme alihakikisha yuko Kasanga. Aliporudi alikwenda shambani moja kwa moja, akazikuta ntumba zake zimekaa kama alivyoziacha, hakuna hata unyayo. Ng'ambo ilikuwa tope tupu, na Kristiana amesimama katikati yake.

Alipomwona kaka yake alivuka mto na nguo zake bila kukunja kitu.

"Wamemaliza," alisema. "Ulezi wote. Watoto wangu nitawapa nini, kaka?" Kisha akazitazama ntumba, akamtazama yeye. "Na kwako hawakugusa."

"Bahati tu, dada."

"Bahati." Kristiana alilizungusha neno hilo mdomoni. "Ng'ombe wote wale, na njia iko huku kwako, wakavuka mto kuifuata bahati yako? Uliwapa nini?"

"Mimi nimewapa nini! Mimi nilikuwa Kasanga!"

Mara wakasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Masunga, amerudi kumchukua ndama aliyebaki nyuma. Alivua kofia alipofika kwenye ntumba, akaegemeza baiskeli mbali, akaja taratibu kwa miguu akipita kando kando asikanyage tuta lolote.

"Habari za hapa, mwenyeji wangu. Shikamoo, mama."

Kristiana hakuitikia. "Wewe ndiye mwenye ng'ombe? Ulezi wangu umeuona ulivyoufanya?"

Masunga alitazama ng'ambo, uso ukamsawijika. "Lile lilikuwa shamba? Nisamehe, mama. Naapa sikujua. Nilimuuliza huyu bwana, akasema hakuna watu. Nilikuwa nakwepa makaburi haya tu."

"Makaburi gani?"

"Haya." Masunga alimwonyesha kwa kiganja kilichofunguliwa, kwa heshima, safu baada ya safu. "Ya wazazi wake na ndugu zake wote aliozaliwa nao."

Kristiana alizitazama ntumba, ambazo amezilima tangu anajifunza kutembea. Alimgeukia Tadei, maji ya mto yakimchuruzika miguuni.

"Na mimi, kaka," akasema, "umenizika katika lipi?"