Salamu za Bibi Gemma

Alana Dal Pont alikuwa na sababu nyingi za kutokwenda Pradesera, na kila moja ilikuwa nzuri ukiitazama peke yake. Septemba alikuwa mwanafunzi mgeni Padova, Italia, hajui hata pa kununua sabuni. Oktoba ilianza na mtihani wa Kiitaliano. Halafu mvua. Halafu mafua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila matumbo ya kwanza kuumia hayakuwa yake.

Babu yake, mzee Augusto, alimwomba jambo moja tu siku aliyoondoka nyumbani kwao Griffith, huko Australia.

"Kabla theluji haijaanguka, panda kijijini ukamwone dada yangu Gemma. Mwambie..." Hapo mzee alikwama, akakohoa. "Utajua mwenyewe cha kumwambia."

Ndugu hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka arobaini na sita. Augusto aliondoka Pradesera akiwa na miaka kumi na tisa, akamwahidi mama yake kwamba angerudi kabla ya theluji ya mwaka wa pili. Hakurudi. Mama akaugua, Gemma akamuuguza peke yake miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki, Augusto alituma telegramu. Gemma hakuijibu, na tangu hapo hakutaka barua wala simu.

Usidhani Alana hakupanga kwenda. Alipanga vizuri. Alipata kwa padri wa kijiji namba ya jirani yake Gemma, Bi Loredana, akamwandikia: nitakuja Jumapili tarehe kumi na mbili, kwa basi la saa sita. Jumamosi wenzake wa chuo wakasema twende Bologna, tutalala kwa akina Ilaria. Akaenda. Jumapili saa sita mchana alikuwa anakula aiskrimu Bologna, na simu ameizima ili roho isimsute.

Jioni alipoiwasha, babu alikuwa wa kwanza kupiga.

"Umefika, mama?"

Angeweza kusema hapana. Lakini aliona aibu, na mwenye aibu akipewa njia ya mkato haulizi inaelekea wapi.

"Nimefika, Babu."

"Yukoje?"

"Mzima kabisa. Tumekunywa kahawa. Amesema, 'Mwambie Augusto yameisha.'"

Ikasikika kule Griffith mzee akivuta kiti.

"Hebu rudia. Amesemaje?"

"'Mwambie Augusto yameisha.'"

"Haya," akasema mzee. "Asante, mama. Nenda kapumzike."

Siku tisa baadaye, akiwa darasani, Alana aliona Bi Loredana amempigia mara tatu. Hakupokea, wala hakumpigia. Alijua anatafutwa ili agombezwe, na nani anayekimbilia kugombezwa? Ukungu wa Novemba ukashuka Padova, taa zikawa zinawashwa alasiri, naye akajifunza kutolitazama jina la Loredana kwenye simu yake kama vile mtu anavyojifunza kuruka ngazi iliyovunjika.

Kisha babu akapiga tena, sauti changamfu.

"Nimemwandikia Gemma barua. Niliituma kama wiki tatu zilizopita, lazima imeshafika. Tuone atajibu nini."

Alana akafungua ratiba ya treni. Gemma akijibu, lazima aseme kwamba hajawahi kumwona mjukuu yeyote. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye treni ya kwanza. Nawaambia mapema ili msimwonee huruma bure: hakuwa anakwenda kumsalimu bikizee. Alikuwa anakwenda kumbembeleza amsaidie uongo wake usimame.

Huwezi kuomba jambo kama hilo mikono mitupu. Mjini Feltre, aliposhuka kupanda basi, ndoo za muuza maua zilikuwa zimejaa krisantemu, maua yale ya petali nyingi nyingi. Alana akafurahi kuyaona. Kwao ndiyo maua ya Siku ya Mama. Kila Mei, baba yake humpelekea mama yake kikapu kizima.

"Ya njano au meupe?" aliuliza muuzaji kwa sauti ya chini.

"Ni ya bibi mzee kabisa."

"Basi meupe, binti. Yana heshima."

Ndani ya basi kila mtu alimpisha. Mama mmoja mwenye kilemba cha sufu alisogea ili maua yapate nafasi kitini, akayatazama, akamtazama na Alana.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante," alisema Alana, akidhani anapewa pole ya baridi.

"Unampelekea nani?"

"Bibi Gemma Dal Pont wa Pradesera. Ni dada yake babu yangu."

Yule mama akafanya ishara ya msalaba. "Mtu wa maneno machache, Gemma," akasema, akamfinya mkono. Alana aliona watu wa milimani ni wakarimu kuliko alivyoambiwa. Vilele vilikuwa vyeupe tayari. Chini barabarani theluji haikuwa imefika, na hilo lilimpa moyo: kabla ya theluji, alijiambia. Bado nimo ndani ya ahadi.

Pradesera, basi huwashusha watu kanisani, na ukutani pale hubandikwa karatasi za vifo, kila moja na msalaba na jina kwa herufi nene. Alana alisimama mbele ya ukuta ule kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Karatasi ya tatu ilikuwa imeloa na kukauka mara nyingi, kona moja imebanduka. *Gemma Dal Pont. Miaka 85. Ametutoka tarehe 21 Oktoba.*

Akaisoma mara tatu. Siku tisa baada ya Bologna. Siku ya simu tatu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Huyu mjukuu mwenyewe alikuja kwa basi la saa sita.

"Wewe ndiye wa tarehe kumi na mbili," sauti ilisema nyuma yake.

Bi Loredana alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, mikono ndani ya aproni, uso usiobembeleza mtu. Aliyatazama maua.

"Angalau una adabu. Umekuja na maua ya makaburini. Nani alikwambia?"

Hapo, jamani, palikuwa na njia nyingine ya mkato, na nzuri. Alana alihitaji kunyamaza tu.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nilimnunulia akiwa hai. Namaanisha, nilidhani yuko hai."

"Ulimnunulia mtu aliye hai krisantemu?"

"Kwetu ni maua ya mama."

Loredana alimkodolea macho. "Lo! Kwenu mna roho ngumu," akasema. "Ingia ndani, utaganda."

Jikoni alimweka karibu na jiko la kuni na kuanza kusema huku amempa mgongo, anakoroga polenta, ugali wa mahindi wa kwao. Sufuria iliyapa maneno yake mwendo.

"Alivaa gauni la kanisani. Jiko la chumbani, ambalo huwa haliwashi mpaka Desemba, akaliwasha kwa ajili yako. Akatandika kitanda. Saa tano na nusu akachukua kiti hiki hapa, akakaa nacho kituoni. Nikamwambia Gemma, basi ni saa sita. Akasema, basi huwa linawahi. Tangu niolewe hapa halijawahi hata siku moja. Akalingoja la saa sita. Akalingoja na la saa tisa."

"Alikasirika?"

"Ingekuwa nafuu. Alicheka. Akasema, 'Mjukuu wa Bocia, ulitegemea nini? Watu wale husema tu wanakuja.'"

"Bocia ni nani?"

Loredana akageuka, mwiko mkononi. "Babu yako. Yaani hulijui jina la babu yako? Bocia, mtoto wa mwisho. Nyumba ile hakuna aliyemwita vingine. Gemma hata akimlaani alimlaani kwa Bocia. Hilo la Augusto sijalisikia kinywani mwake hata mara moja."

Alana aliweka chini kikombe cha kahawa alichopewa. *Mwambie Augusto yameisha.* Na babu alikuwa amemwambia arudie.

"Una nini?"

"Hakuna."

"Basi chukua. Imekuja Alhamisi, na mwenyewe hayupo. Nilitaka kumwandikia babu yako habari za msiba, maana anwani yake sikuwa nayo mpaka nilipoiona hapa." Alitoa bahasha yenye stempu za Australia kutoka nyuma ya mtungi wa chumvi. "Wewe ni damu yao. Fungua. Na usome kwa sauti, miwani yangu imevunjika."

Alana alitamani aseme hajui kusoma. Mwandiko ulikuwa wa babu, herufi kubwa za mtu aliyezoea mkasi wa mizabibu kuliko kalamu. Alisoma.

"*Gemma. Mjukuu wangu amenipigia simu, amesema mmekunywa kahawa pamoja, na kwamba umesema, mwambie Augusto yameisha. Tangu lini wewe ukaniita Augusto? Najua hajafika. Nilimwacha arudie maneno yale kwa sababu nilitaka kuyasikia mara mbili, hata yakiwa ya uongo.*"

Loredana aliacha kukoroga.

"*Mtoto si mbaya. Anaahirisha, halafu anaona aibu, halafu aibu inamfanya aahirishe zaidi. Nadhani unamjua mtu wa namna hiyo. Akija, usimgombeze kabla hajala. Mpe chakula kwanza, aone aibu yake akiwa ameshiba. Safari hiyo ilikuwa yangu, dada, nikamtuma yeye. Yakiwa yameisha, niambie mwenyewe. Yakiwa hayajaisha, niambie pia. Bocia.*"

Alana aliikunja barua na kuikunjua na kuikunja tena. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Kudanganya watu wasijue ni jambo moja. Yeye alikuwa amedanganya mtu aliyekaa kimya akimsikiliza, akamshukuru, akamwambia akapumzike.

"Kwa hiyo ulimwambia ulikuja," alisema Loredana polepole.

"Ndiyo."

"Na leo ulikuja kufanya nini?"

"Kumwomba Bibi Gemma aseme ndiyo, nilikuja."

Loredana akarudi jikoni kwenye sufuria yake. Alimwaga polenta kwenye ubao, akaikata, akaweka kipande sahanini na jibini la kukaanga juu, akaisukuma mbele yake.

"Kula," akasema. "Umemsikia mwenyewe."

Alikula yote. Hakuna chakula alichowahi kula kikawa kizito vile.

Makaburini, nyuma ya kanisa, Gemma alikuwa amelala kando ya mama yake. Udongo wake ulikuwa bado umevimba, umefunikwa na krisantemu za siku ya marehemu wote, zilizochomwa na baridi. Alana aliweka zake katikati. Zilifanana na nyingine kabisa. Hakuna ambaye angejua kwamba zilinunuliwa kwa ajili ya mtu aliye hai.

Alitoa simu. Saa nane mchana. Griffith ni usiku wa manane, mzee amelala, si vizuri kumshtua kwa habari kama hizi. Afadhali kesho, akishakunywa chai. Ilikuwa sababu nzuri. Zote huwa nzuri. Alibonyeza namba kabla sababu hiyo haijakomaa.

Mzee alipokea simu ikiita mara ya pili.

"Alana? Kuna nini?"

"Babu, niko Pradesera. Nimefika."

Alisikia kitanda kikilia, na babu akiketi taratibu, na mkwaruzo wa pumzi zake.

"Safari hii kweli?"

"Kweli, Babu. Barua yako nimeisoma. Nisamehe."

"Hayo tutayasema baadaye," alisema mzee haraka, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya kijana anayengoja mlangoni. "Kwanza niambie. Amesemaje?"